Viatu vya Salha

Siku hizi kila nyumba husajiliwa kwenye mfumo wa ghala kuu kama ghala dogo, na kitu kisichotumika mwezi mzima huja kuchukuliwa. Ndiyo maana Siwema aliingia kwenye mipangilio, akasajili chumba na jiko kama maghala mawili. Kila asubuhi akawa anahamisha viatu vya shule vya marehemu binti yake kutoka ghala moja kwenda jingine, ili mfumo uone vinatumika.

"Mama Salha, watatugundua," mumewe alimwonya.

"Waje. Watanitambua!"

Ijumaa mlango ukagongwa. Siwema akavikumbatia viatu. Mumewe akafungua.

Dereva wa ghala kuu akampa boksi, akitabasamu.

"Mfumo umeona mtoto anavivaa kila siku. Vitakuwa vinambana sasa. Tumewaletea namba inayofuata."