Kitalu cha Pili

Makoye alisimama mbele ya vitalu viwili vya mpunga vilivyofunikwa nyasi, akiomba kimoyomoyo mbegu za kitalu cha pili zisiote.

Mkulima kuomba mbegu zisiote! Lakini siku ile ya mwaka 1978, katika shamba la majaribio nje kidogo ya Kahama, hakuwa na ombi jingine. Bwana Shamba Donatus alikuwa ameshateremka kwenye Land Rover, anakuja kufunua.

Siku kumi nyuma, Donatus aliloweka fungu la kwanza la mbegu kwa mkono wake, katika maji matupu ya tangi la mvua, akayamaliza yote yaliyokuwamo. Fungu la pili alimwachia Makoye aliloweke kwenye dawa.

"Dawa hii inaigeuza mbegu kwa ndani," alisema. "Nyingi zitakufa, nyingine zitadumaa. Lakini katika uzao wa zitakazobaki tunaweza kupata mpunga mpya, labda unaovumilia ukame. Usiiguse kwa mkono mtupu."

Kwa ndani. Maneno hayo yalimkosesha Makoye raha. Tangu wahamie pale, mkewe Bernadina alikuwa ameharibikiwa mimba mbili, na sasa alikuwa na ya tatu, ya miezi mitano. Makoye aliitazama mikono yake, iliyoosha vyombo vya dawa misimu mitatu, akaogopa kwelikweli. Donatus alipoondoka tu, aliimwaga dawa yote juu ya mteremko, kwenye shimo lilelile ilikomwagwa misimu yote, kisha akaloweka mbegu kwa maji ya kisimani na kuzipanda katika kitalu cha pili.

Kisima hicho kilikuwa fahari yake. Kiangazi cha kwanza, wenzake wakihangaika na madebe, yeye alifanya kama baba yake alivyomfundisha kule Kishapu: alitafuta mahali ambapo nyasi zimebaki mbichi wakati kwingine kote kumekauka. Alipapata chini ya mteremko. Alichimba asubuhi, na kabla ya adhuhuri maji yakatoka. Tangu siku hiyo nyumba yake haikuhangaika tena.

Sasa je? Miche ya kitalu cha pili ikiwa mizuri kama ya kile cha kwanza, Donatus atajua. Atamfukuza, na nyumba ni ya kazi. Bernadina atajifungulia wapi?

"Mbona unatetemeka, Makoye?"

"Homa tu, Bwana Shamba."

Donatus alifunua kitalu cha kwanza. Miche ilikuwa imejaa, kijani kibichi, urefu wa kidole. Donatus akasogea kwenye cha pili, akainama, akaziondoa nyasi.

Miche ilikuwa michache, mifupi, imejikunja, mingine ya njano. Sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu.

"Safi sana!" Donatus alimpiga begani. "Dawa imefanya kazi kama nilivyotaka. Hongera!"

Makoye alikuwa akimtazama Bernadina, aliyekuwa anapanda mteremko polepole, ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Shikamoo, Bwana Shamba," Bernadina alisema akitabasamu. "Karibu maji ya kunywa. Ni ya kisima cha mume wangu."