Karai la Ukaguzi

Tangu bahari ifungwe, mafundi wa zamani waliruhusiwa kuunda vyombo vidogo vya pambo tu, mradi vizame. Chombo kikielea, basi fundi bado anaijua kazi, na anayeijua kazi huchukuliwa.

Vuai aliunda mashua ya uvuvi kwa mbao za kabati bovu, akaitwekea tanga la kipande cha kanga. Kati ya mbao aliacha nyufa makusudi.

Mkaguzi akaijaza kokoto, akaiweka kwenye karai la maji. Ikatulia juu.

"Umeiziba nyufa, fundi," akasema kwa upole.

"Sikuziba, mwanangu."

Bikombo, mkewe, akamtazama vidole. Kwenye kucha kulikuwa na nyuzi za pamba zilizolowa mafuta ya nazi. Mikono ilikuwa imezitia nyufa kalafati kwa mazoea, mwenyewe hana habari.

"Tusubiri kidogo," mkaguzi akasema. "Huenda ikavuja."

Maisha yote ya ndoa yao Bikombo alimwomba Mungu vyombo vya mumewe visizame. Sasa alipiga magoti kando ya karai, akaomba hiki kizame.

Kokoto zilibaki kavu.