Mikwaruzo Mitatu ya Tupa

Mkwaruzo wa kwanza haukuacha alama. Wa pili ulitoa unga mwembamba wa chuma. Wa tatu Maximilla aliuvuta taratibu, kama anayemkata mtoto kucha, kisha akaipuliza ndoano na kuirudisha mahali pake, chini ya sindano.

Ndoano ile ndiyo inayodaka uzi wa juu na kuufunga na wa chini. Ncha yake ikipungua unywele mmoja tu, cherehani itazunguka, itanguruma vizuri, na haitashona kitu.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Mzee Shamsi, mwenye duka, alikuwa msikitini. Maximilla alikuwa ameisubiri Ijumaa hii miaka mitatu.

Mwaka tisini na nne alileta dukani hapa, Kasulu, kichwa cha cherehani kutoka Nyakitonto, kimefungwa ndani ya kitenge; meza na miguu aliviacha nyumbani, kama wafanyavyo wote. Kichwa kile kilikuwa cha marehemu mama yake, Ntirampeba, aliyevuka nacho mpaka wa Burundi mwaka sabini na mbili, chenyewe utosini, Maximilla mgongoni. Sufuria aliacha, shamba aliacha, kichwa hakuacha. Hakikuwa kibovu. Kilitaka kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Akaambiwa arudi baada ya wiki.

Wiki ile magari ya mashirika yalikuja kutoka makambi ya wakimbizi kununua kila cherehani inayozunguka. Maximilla aliporudi, kichwa chake kilikwisha kuuzwa pamoja na vingine kumi na vinne, na hakuna aliyejua kimepelekwa kambi gani.

"Kichwa ni kichwa, mama," Mzee Shamsi alimwambia bila kuinua macho, akamsukumia kipya cha ng'ambo, chenye jina la dhahabu ubavuni.

Kile kipya kilikula vitambaa. Kilikula gauni la arusi la binti wa Kabanga, siku mbili kabla ya ndoa. Spea zake hazikupatikana Kigoma wala Tabora. Watu wakaanza kumwita Mama Panya, tena mbele ya mwanawe Reverien na wadogo zake, na wateja wakaisha mmoja mmoja.

Ndipo akaja kuomba kazi kwa mtu yule yule. Alikuwa na sikio la cherehani. Angejaribu kila kichwa kabla hakijauzwa. Mzee Shamsi alimkubali upesi mno, wala hakumtazama usoni. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Maximilla alijiambia, akafunga kanga kiunoni, akaanza kazi.

Angeweza kuharibu kichwa chochote tangu siku ya kwanza. Lakini wanunuzi walikuwa wanawake kama yeye, wenye watoto na madeni ya sare za shule. Hakutaka kumliza yeyote kati yao. Alitaka kumliza mmoja.

Kisha kikaja hiki. Mzee Shamsi alishuka nacho kwenye lori la Kibondo, kimeoza kwa kutu, akakificha nyuma ya pazia. Akakikwangua kwa mikono yake mwenyewe. Akakipaka rangi nyeusi mara tatu, akakitia gurudumu jipya na maua ya dhahabu. Kibati cha namba alikuwa amekwisha kukifungua. Yalibaki matundu mawili ya skrubu. Mwizi, Maximilla aliwaza, anaficha kilikotoka.

Zaidi ya hayo aliandika barua ng'ambo, akaandika tena na tena. Baada ya miezi minane kikaja kikasha kidogo chenye stempu za kigeni, akakipokea posta kwa mikono miwili.

Maximilla alimuuliza kichwa hicho ni cha nani.

"Cha mtu ninayemwogopa kuliko hakimu," mzee alijibu. "Kikimkatalia, Mama Reverien, mimi sina uso tena katika mji huu."

Mkubwa fulani wa wilaya, basi. Maximilla aliinama kuokota sindano ambayo haikuwa imeanguka, ili asionekane akitabasamu.

Na sasa kazi ilikuwa imekwisha. Alirudisha tupa kwenye droo, akafuta mafuta mezani. Mzee Shamsi aliingia, kanzu yake ikinukia udi, akasimama mbele ya kichwa kile kama mtu aliyefika kuposa.

"Umekijaribu?"

"Nimekijaribu, mzee. Kinaimba."

Mzee akashusha pumzi. Hakwenda kukaa kwenye kiti chake; alikaa kwenye benchi la wateja, miguu pamoja, kofia mkononi.

"Siku ile nilikuambia kichwa ni kichwa," alisema. "Nikalala na neno hilo miaka mitatu. Limenishinda."

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kibati kidogo cha shaba, akakiweka katika kiganja cha Maximilla. Kilikuwa na namba iliyoishia sita, moja, saba. Namba hiyo Maximilla alikuwa akiifuatisha kwa kidole, mapajani mwa mama yake, kabla hajajua kusoma.

"Nimekiulizia kambi baada ya kambi," mzee aliendelea, sasa akimtazama usoni. "Nilikikuta kwenye jalala la chuma, ndoano imevunjika. Hiyo mpya uliyoijaribu, iliyokuja kwenye kikasha, ndiyo iliyokuwa ya mwisho ghalani mwao huko ng'ambo. Kiwanda chenyewe kimefungwa."

Akamvutia kiti.

"Haya, mama. Mshonee marehemu mstari mmoja, nisikie."