Mbwa Aliyeambiwa Aache Kamba

Hapo kale, na si kale sana, Mbwa alipandishwa mlimani na bwana wake, kamba shingoni. Wakamkuta Kondoo, mwenye mimba kubwa, akijilia majani taratibu.

"Unaiona kamba hii?" Mbwa akatamba. "Nimemfunga bwana wangu, asije akanipotea."

"Acha kamba, wewe!" Kondoo akacheka.

Kondoo alimaanisha aache uongo. Mbwa, ambaye kamba aliyoijua ni ya shingoni tu, akasikia ruhusa. Akaitafuna, ikakatika, akamtimua Kondoo na tumbo lake. Kondoo, mwenyeji wa mlima, akakata kona ghafla penye mwamba. Mbwa hakuwa na habari ya kona. Alipitiliza moja kwa moja hadi ukingoni mwa korongo, akaning'inia kwa kucha za mbele, akibweka, "Bwana! Bwana!"

Bwana akaja mbio, akamteremshia kipande cha kamba kilichobaki mkononi. Mbwa akakidaka kwa meno yote.

Kondoo akachungulia, bado anahema. "Enhe, hebu nikumbushe. Nani kamfunga nani?"

Mbwa alikuwa na jibu zuri sana. Ila kulitoa, ingembidi aache kamba.