Kijiko cha Munyu

Siku ya kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, mwaka 1993, mke na watoto wa Bertin walikuwa tayari stesheni ya Likasi, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ya mababu ambayo yeye hajapata kuiona. Yeye alirudi nyumbani mbio mara moja tu, kwa sababu mayai ya uduvi aliyoyatia jana katika chupa ya maji ya munyu, yaani chumvi, yalikuwa yameanguliwa.

Aliisogeza chupa dirishani. Uduvi, wekundu na wadogo kama vumbi la matofali, wakakusanyika kwenye mwanga. Akawachuja kwa kitambaa, akawamimina katika tangi la kioo alimofuga samaki wachanga, wawe chakula chao.

Mlango ukafunguka. Alikuwa jirani yake wa siku nyingi, aliyegawiwa nyumba ile, na kufuli mpya mkononi.

“Weye uko bado hapa?”

“Batoto ya samaki beko na njala.”

Jirani akainama. Ndani ya kioo, matumbo ya samaki yaliyokuwa meupe yaligeuka mekundu kwa uduvi waliomezwa, moja baada ya jingine.

“Munyu,” aliuliza polepole, “unatiaka kiasi gani?”

Bertin alitamani kumwaga maji yote na samaki sakafuni. Akachukua kijiko, akakijaza munyu, akausawazisha kwa kidole ili mwenzake aone kipimo.