Sahani ya Kwanza

Jumuiya ilisali nyumbani kwa Veneranda siku ya arobaini tangu amzike mumewe, Kalisti. Somo lilikuwa la chumvi ya dunia, na kila mmoja alieleza limemgusaje. Zamu yake ilipofika, Veneranda alisema, "Mimi halijaniambia kitu," akaenda jikoni.

Jirani yake Skolastika alimfuata kumsaidia kupakua. Akaonja maharage.

"Dada, haya ni chapwa. Chumvi umeiweka wapi?"

Veneranda alifunua kopo moja, kisha la pili, kisha akasimama.

"Humu ndani haipo, mdogo wangu. Daktari alimkataza mzee miaka tisa iliyopita. Nikasema asipokula yeye, na mimi sili."

"Na leo?"

"Leo nimempikia."

Skolastika hakumhubiria. Alikimbia kwake, akarudi na chumvi, akammiminia kiganjani. Sebuleni wageni walikuwa wameanza kuimba, wakisubiri chakula.

Veneranda aliifumbata ile chumvi. Kwa mkono wa pili alipakua sahani moja ya maharage, akaifunika vizuri, akaiweka kando. Ndipo akafumbua kiganja juu ya sufuria.