Titi la Uzi

Duka la dawa pale Chepilat lilikuwa limejaa akina mama. Muuzaji alikuwa akimfungia mmoja wao vidonge vya homoni, vilevile alivyomuuzia Nyabate kwa miaka sita.

“Hili joto la kukoma hedhi utalisahau, mama.”

Nyabate aliipita foleni. Alitia mkono ndani ya sidiria, akatoa titi la uzi alilojifumia baada ya saratani, akalibwaga kwenye kaunta. Blauzi ikabonyea upande wa kushoto.

“Daktari, hukuwahi kuniuliza mama yangu alikufa na ugonjwa gani kabla ya kuniuzia hivi vidonge. Sasa muulize huyu. Kwa sauti!”

Aliyejibu ni yule mama, akivisukuma vidonge kando: “Wangu alikufa na kansa ya titi.”

Nyabate akaigeukia foleni. “Nani anafuata?”